Bweranyange

Bweranyange ni mahali palipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Leo ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Katika karne ya 19 palikuwa kikale, yaani ua wa kifalme, cha Omukama (mfalme) na kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Unyanyembe, eneo la Tabora, kwenda Buganda.

Ufalme ulishikwa na ukoo wa Wahinda, wanaojihesabu uzao wa Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo huo. Mipaka yake ilifika hata sehemu ambazo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa, kwa hiyo anayetaka kuielewa Karagwe ya kale hana budi kuzitembelea wilaya zote mbili.

Mgeni asitafute kuta za mawe kama za Kilwa au Gedi. Kikale kilijengwa kwa miti, matete na nyasi: nyumba za msonge ndani ya ua, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Majengo ya namna hiyo hayashindani na mvua za Kagera. Kilichodumu ni chuma, sura ya nchi na masimulizi, na ni makosa kuuona urithi huu kuwa mdogo kwa sababu tu hauna mawe.

Chuma ndicho cha kuanzia. Masimulizi humtaja Omukama Ndagara, aliyefariki katika miaka ya 1850, kuwa mhunzi, na miongoni mwa alama za ufalme zilikuwamo nyundo na fuawe pamoja na ng'ombe wadogo wa chuma. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme. Aliorodhesha humo bata 16 wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 zilizofanana na pofu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa, pamoja na mikuki ya kila namna. Mfugo na tanuri, nguzo mbili za uchumi wa nchi, zilikutana katika mikono ya mtawala mmoja. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean, walioandika mwaka 1995 kuhusu uhunzi wa Karagwe, walilichunguza suala hilohilo: kwa nini kazi ya chuma ilibeba uzito mkubwa hivyo katika ufalme wa wafugaji.

Mwana wa Ndagara, Rumanyika, ndiye Omukama anayejulikana zaidi nje ya Karagwe. Wapelelezi John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokewa naye Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyeugua mguu, alibaki chini ya uangalizi wa mfalme hadi Aprili. Ni Rumanyika aliyemsimulia Speke jinsi alivyopata kiti: baada ya kifo cha baba yao, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya ndugu watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Ngoma ilikuwa nyepesi, ila ilitiwa dawa, na ni Rumanyika peke yake aliyeweza kuinyanyua. Rogero hakukubali, na vita vikafuata.

Katika vita hivyo Rumanyika alisaidiwa kwa bunduki na wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Mmoja wao alikuwa Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat aliyekuwa na makazi Kazeh, yaani Tabora ya leo. Jina lake lastahili kukumbukwa: muda mrefu kabla ya reli, mtu wa mji wa bandari wa Gujarati alikuwa na sauti katika mambo ya kiti cha Karagwe. Kituo cha wafanyabiashara wa pwani kilikuwa Kafuro, ambako Stanley alimkuta mmoja wao, Hamed Ibrahim.

Baada ya Rumanyika ufalme ulidhoofika haraka. Warithi waligombana, sotoka ikamaliza ng'ombe mnamo 1890 na 1891, na Wajerumani, waliojenga kituo Bukoba mwaka 1890, wakahamishia huko uzito wa utawala. Mamlaka ya machifu yalifutwa na serikali mwaka 1963.

Anayezuru hupita Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978, kisha Omurushaka na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Bila mzee wa kueleza, mgeni ataona migomba, mibuni na mandhari tu. Ni vema kumpata mzee huyo kabla ya kupanda kilima. Kitabu cha Israel Katoke kuhusu historia ya Wanyambo, watu wa Karagwe, kilichotoka mwaka 1975, kinafaa kusomwa kabla ya safari.

Upande wa Kyerwa ziko chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo watu huziendea kuoga wakitafuta nafuu ya maradhi. Stanley alizifikia mwaka 1876 na kukuta wagonjwa wakifanya vivyo hivyo. Jina la Rumanyika limepewa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 pamoja na Ibanda-Kyerwa.