Beryl Markham: Rubani aliyeandika anga

Ukikwama ndani ya matatu kwenye Barabara ya Lang'ata ukitoka Karen kuelekea mjini, utaviona vijindege vya Wilson vikishuka karibu nawe, hata udhani vitagusa paa. Uwanja huo una jina la Florence Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929. Leo, hata hivyo, nataka tumzungumzie mwanamke mwingine wa enzi hiyo: Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Alikulia Njoro, akicheza na kuwinda na watoto wa Kiafrika na kuzungumza Kiswahili. Alifunza farasi wa mashindano kabla ya kujifunza urubani kwa Tom Campbell Black. Kutoka Nairobi alibeba barua, abiria na dawa. Mnamo Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki, akipambana na upepo kwa zaidi ya saa 21, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alitoka hai.

Mwaka wa 1942 akachapisha West with the Night. Kitabu ni nathari, sikatai. Lakini usiku, upweke na mngurumo wa injini vimeelezwa humo kwa mapigo ambayo mshairi yeyote angeyaonea wivu. Sura moja ameipa jina lenye neno la Kiswahili: Kwaheri Means Farewell. Kitabu kilisahaulika hadi kilipochapishwa upya Marekani mwaka wa 1983, mwandishi akiwa kikongwe anayeishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986.

Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto. Eti kitabu kiliandikwa na mumewe wa tatu, Raoul Schumacher! Errol Trzebinski aliishikilia hoja hiyo katika wasifu wake wa 1993. Mary Lovell, katika wasifu wa 1987, alikuwa amemtetea Beryl. Mimi niko upande wa Lovell. Mume angeweza kunyoosha sentensi, lakini nani angemsimulia ardhi ya Njoro kwa jicho la mtoto aliyeikanyaga peku?

Tusimpambe kupita kiasi, jamani. Ndege yake ilitumika pia kuwatafutia wawindaji matajiri ndovu wenye pembe kubwa, na anga aliyoisifu ilitanda juu ya ardhi waliyokuwa wamenyang'anywa wenyewe.

Kuna jambo la lugha pia. Neno rubani si la angani kiasili. Limetokana na Kiarabu, na aliyeitwa hivyo alikuwa mwelekezaji wa chombo baharini. Ndege zilipokuja, Waswahili hawakuhangaika. Walimtoa rubani majini wakampandisha mawinguni. Abiria na usukani wakamfuata.

Sasa mfikirie Kibii, rafiki wa utotoni wa Beryl, ambaye ukubwani aliitwa arap Ruta. Aliyekuwa mwenzake wa michezo ikambidi amwite memsahibu. Beryl alipoacha farasi akashika ndege, arap Ruta alihamia naye Nairobi, akawa anamsubiri uwanjani kila aliporuka. Kitabuni anazungumza, tena kwa hekima nyingi, ila anazungumza kwa Kiingereza cha Beryl.