Kitabu Kilichokoma

Mtu wa Lemera akitafuta kitabu cha Kiswahili asikipate, husema ni adimu. Tulipime neno hilo, msomaji mwenzangu, maana tunalitwika mzigo usio wake. Adimu, tulilopewa na Kiarabu, humhusu mtafutaji: mimi, hapa nilipo, sikipati. Kitabu chaweza kuwa adimu Lemera na Uvira huku kimejaa dukani Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Hicho kinahitaji boti, hakihitaji mtambo wa kuchapia.

Kipo kingine ambacho hakuna anayekichapa tena. Wauzaji husema "kimekwisha", kama sukari; lakini sukari ikiisha huagizwa nyingine. Mimi nakiita kitabu kilichokoma. Kukoma ni kufika mahali ukasimama. Hakusemi kwamba kitabu kimepotea, kwa sababu nakala zaweza kuwa zimelala katika masanduku ya makanisa yetu. Kilichosimama ni uchapaji.

Neno chapa lenyewe lilitujia kutoka Uhindi, pamoja na maana ya muhuri. Hata ng'ombe hupigwa chapa, na alama huwa ileile kwa kila mnyama. Basi kitabu kikirudi bila kubadilishwa neno, hiyo ni chapa ya pili. Toleo ni jambo jingine: kuna mtu amekitoa upya, akasahihisha, akaongeza. Wachapishaji wengi huandika "toleo la pili" pasipobadilika hata nukta, na msomaji hulipia asichopewa.

Tazama maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, yanayopita Umanyema jirani yetu. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwanaisimu Whiteley alipoyatoa mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri mpya ya Kiingereza, lile lilikuwa toleo. Yaliporudi mwaka 1966, ilikuwa chapa.

Sisi wa Uvira hatusemi kutoa, twasema kutosha: tosha kitabu kwenye sanduku. Nalipenda neno hilo, lakini silipeleki kwenye istilahi za vitabu. Msomaji wa Tabora akisikia kitabu kimetoshwa atauliza kimetoshwa na nini.

Kurasa zikipigwa picha zikarudi na madoa na makosa yake yote, wengine husema faksimile. Kwa nini isiwe chapa pacha? Pacha huonyesha mara moja kwamba wako wawili, wa sura moja, na kila mmoja ana mwili wake.

Limebaki neno la kazi nzima ya kukirudisha kitabu kilichokoma. Kufufua silikubali: hufufuliwa aliyekufa, na kitabu chenye nakala moja hakijafa. Kuhuisha ni kumtia uhai aliyedhoofu, nalo latosha, kwa maana ya pwani. Mfano ni huu: mwaka 1965 André Yav alikusanya, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, historia ya mji huo kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoitayarisha kwa chapisho la mwaka 1990, maneno mengi kwenye karatasi yalikuwa yameshikamana au kukatika pasipofaa. Ikabidi mshirika wake Kalundi Mango ayasome kwa sauti, ndipo mtu ajue neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Kuhuisha, kwangu, ni kazi ile ya Kalundi.