Mwili Wao, Moyo wa Wengine: Fundisho la Ndege ya Marut

Mara nyingi tunasikia kwamba nchi fulani iliyotoka katika ukoloni “imetengeneza ndege yake yenyewe”. Kada hana budi kuuliza zaidi. Nani aliyebuni umbo lake? Nani mwenye injini yake? Na mwenye injini akikataa, nchi hiyo itafanya nini? Historia ya ndege ya kivita ya India, HF-24 Marut, inatusaidia kuyajibu maswali hayo.

Chanzo cha kazi

India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa tayari na kiwanda cha ndege mjini Bangalore, kilichoanzishwa mwaka 1940. Wahandisi wake, wakiongozwa na Dkt. V. M. Ghatage, walibuni ndege ndogo ya mafunzo, HT-2, iliyoruka mwaka 1951. Baadaye serikali ya Jawaharlal Nehru iliamua kupiga hatua kubwa zaidi: kubuni ndege ya kivita ya jeti yenye kufikia mara mbili ya mwendo wa sauti. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa pia. Nchi isiyofungamana na upande wowote, lakini inayonunua kila silaha kwa wakubwa, huweka msimamo wake rehani.

Mwaka 1956 aliajiriwa Kurt Tank, Mjerumani aliyebuni ndege ya Focke-Wulf Fw 190 kwa ajili ya jeshi la Hitler, na ambaye baada ya vita alifanya kazi Argentina. India ilihitaji ujuzi wake, na wahandisi wa Kihindi walifanya kazi pamoja naye. Mwaka 1959 walitengeneza kwa mbao ndege ya ukubwa kamili isiyo na injini, ikavutwa angani na Dakota ili tabia ya umbo lake ipimwe. Tarehe 17 Juni 1961 Marut yenyewe iliruka, ikiongozwa na rubani Suranjan Das. Kutoka mbao hadi jeti ilipita miaka miwili tu.

Mkinzano wa injini

Hapo ndipo mkinzano ulipojitokeza. Umbo la Marut lilibuniwa kwa ajili ya injini ya Kiingereza ya Orpheus 12, yenye kuongeza msukumo kwa kuchoma mafuta zaidi katika bomba la nyuma. Injini hiyo haikuwa imekamilika. Waingereza walitaka India ichangie gharama za kuikamilisha. India haikukubali, na kazi ikaachwa. Marut ikalazimika kutumia injini mbili za Orpheus 703, zilizotengenezwa Bangalore kwa leseni lakini zisizo na kiongeza-msukumo hicho. Ndege iliyokusudiwa kwenda mara mbili ya mwendo wa sauti ikabaki kwenye mwendo wa sauti hivi.

Msaada ulitafutwa pia Misri. Huko serikali ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa ikiunda ndege ya HA-300, iliyoanza kubuniwa na Willy Messerschmitt nchini Hispania, pamoja na injini yake, E-300. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1964, na rubani wake alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Marut moja ilipelekwa Misri, ikafungwa injini ya E-300 na kufanyiwa majaribio. Ushirikiano huo wa nchi mbili zilizotawaliwa na Mwingereza ulikuwa jambo kubwa. Lakini baada ya vita vya Juni 1967 mzigo wa Misri ulizidi, na mwaka 1969 mpango ukafutwa.

Wahandisi wa Bangalore walijaribu kuiongezea Orpheus msukumo wao wenyewe. Tarehe 10 Januari 1970 Suranjan Das, rubani yule yule wa mwaka 1961, alikufa alipoanguka na Marut ya majaribio hayo.

Hesabu ya mwisho

Ni kosa kuiita Marut kazi bure. Zilijengwa 147 hivi. Katika vita vya Desemba 1971 zilishambulia shabaha za ardhini, na uimara wake ukasifiwa na marubani. Lakini jeshi liliendelea kununua ndege za kigeni, na Marut za mwisho ziliondolewa kazini mwaka 1990.

Je, tuwalaumu Waingereza peke yao? Hapana. Mwenye injini alilinda maslahi yake, kama afanyavyo siku zote. Udhaifu wa India ulikuwa kubuni mwili wote juu ya moyo ambao haikuwa nao, kisha kusita kulipa gharama za kuupata. Fundisho hilo halikuisha na Marut. Mpango wa injini ya Kaveri ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980 ili kuipa India injini yake; hata hivyo ndege ya Tejas, iliporuka Januari 2001, ilibebwa na injini ya Kimarekani.

Kujitegemea hupimwa kwenye kile kifaa kimoja ambacho kikikosekana kazi yote husimama. Mpango wowote wa viwanda, uwe wa ndege au wa majembe, uanze kwa kukitaja kifaa hicho na kuonyesha fungu la fedha na miaka iliyotengwa ili kukipata. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.