Paa wa Unguja na Simba wa Narnia

Mtoto aliyekulia katika maghorofa ya Nyayo Highrise jijini Nairobi, yaliyopakana na Kibera, ambako adhana ya Makina, mtaa wa Wanubi waliotokana na askari wa King's African Rifles, husikika pamoja na nyimbo za makanisa yasiyohesabika, aghalabu humjua Aslan, simba wa vitabu vya Narnia, kabla ya kumjua paa wa Hamdani, wa ngano ya Unguja. Jambo hilo lanisikitisha, maana wanyama hao wawili ni jamaa wa karibu kuliko inavyodhaniwa.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha Swahili Tales, hadithi alizozipokea vinywani mwa wenyeji wa kisiwa kile cha Kiislamu. Imo humo hadithi ya Sultani Darai. Maskini Hamdani, aliyekuwa akichakura jaani apate punje za mtama, aokota thumuni, na kwa thumuni hiyo amnunua paa. Paa huyo anena, amposea bwana wake binti wa sultani, kisha kwa upanga akata vichwa vyote saba vya nyoka ili bwana wake apate jumba na mali. Siku paa anapougua, yule aliyetolewa jaani aamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, katika nyumba isiyopungukiwa kitu. Paa afa kwa uchungu, na mzoga wake watupwa kisimani.

Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, akatafsiri Agano Jipya na kujenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, nadhani hakukosa kuona katika paa huyo mwokozi anayedharauliwa na aliyemwokoa. Hata hivyo hakuibatiza hadithi ile. Aliitunza kama amana ya watu, nami namheshimu kwa hilo. Mwaka 1901 Andrew Lang aliitia katika The Violet Fairy Book, nayo ikawafikia watoto wa Uingereza.

C. S. Lewis, mtunzi wa hadithi za Narnia, alishika njia nyingine. Jina la Aslan, ambalo kwa Kituruki ni simba, alilipata katika maelezo ya Lane, mfasiri wa Kiingereza, juu ya Alfu Lela Ulela, ngano zilezile ambazo pwani yetu yazijua tangu zamani. Akamvika jina hilo Simba wa kabila la Yuda atajwaye katika Ufunuo 5:5. Katika kitabu chake cha kwanza cha Narnia, cha mwaka 1950, mtoto Edmund awasaliti ndugu zake kwa ajili ya halua ya Kituruki, Aslan auawa badala yake juu ya meza ya jiwe, na alfajiri meza yapasuka naye yu hai. Lewis alikana kwamba hiyo ni istiari kama ile ya mwandishi Bunyan. Alisema amekisia tu namna Mwana wa Mungu angekuwa katika ulimwengu wa wanyama wasemao.

Paa hafufuki. Hamdani aamka usiku mmoja na kujiona yuko jaani tena, mke na jumba vimetoweka, wala hapana wa kumlipia deni lake. Edmund alilipiwa, akawa mfalme. Laiti walimu wa Highrise wangezisoma hadithi hizi mbili pamoja, mtoto wa Makina na mtoto wa kanisani wakiwa katika dawati moja, na kuwaachia wao wenyewe waulizane kwa nini yule alisamehewa na huyu akarudishwa jaani.