Muhuri wa Königsberg

Kwa wakusanyaji wa bahasha za zamani, muhuri wa posta wa manowari ni ushahidi: siku fulani meli ilikuwapo, na baharia wake aliandika nyumbani. Manowari za Kijerumani zilikuwa na posta yao humo ndani. Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914.

Tarehe 20 Septemba iliizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaiziba njia. Tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wenyewe wakaizamisha.

Vita ile ilifika hata milimani kwetu. Mimi ni wa Vugiri. Vuga iko kwenye safu hiyohiyo ya Usambara. Posta ya koloni ilipokaribia kuishiwa stempu, mtambo wa chapa wa misheni ya Vuga ulichapa nyingine mwaka 1916. Kabla hazijatumika, meli Marie ikapenya zuio la Waingereza ikiwa na stempu kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini. Mwaka 1921 zikafukuliwa, zikauzwa kwa wakusanyaji.

Mizinga 10 ya Königsberg nayo iliopolewa, ikavutwa nchi kavu na mamia ya Waafrika. Hao hawakugongewa muhuri popote. Bahasha humtaja mwandikaji, mwandikiwa na tarehe. Kwa hiyo nikiona moja ya miaka ile, swali langu la kwanza ni hili: aliibeba nani?