Biskuti za Idi Bila Ngano: Historia ya Ugonjwa wa Siliaki

Popote ulipo, Liboi mjini, bulla za pembeni, Dadaab au ukiwa njiani na mifugo, chukua nafasi yako tuzungumze.

Idi inapokaribia kila nyumba huanza shughuli. Sambusa zinakunjwa, mahamri yanaumuliwa, halwa inakorogwa, na watoto wanasubiri biskuti. Karibu vyote hivyo, isipokuwa halwa, hupikwa kwa unga wa ngano. Kwa watoto wengi hakuna ubaya. Lakini wako wachache ambao ngano ni sumu kwao kila siku, hata siku ya Idi. Ugonjwa wao unaitwa siliaki. Leo nitakueleza ulivyogunduliwa, ishara zake, na namna ya kupika biskuti za sikukuu ambazo mtoto huyo atakula pamoja na wenzake.

Kwanza tujue adui ni nani. Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, ulioshe polepole ndani ya maji. Wanga utatoka na kuyafanya maji meupe. Mkononi utabaki na kitu kinachovutika, cha mnato, kama ubani wa kutafuna. Hiyo ndiyo gluteni. Mtaalamu wa Italia, Jacopo Beccari wa mji wa Bologna, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1745. Gluteni ndiyo inayofanya chapati ivutike bila kukatika na mkate uumuke. Imo ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya baridi iitwayo rai. Haimo ndani ya mchele, mahindi, mtama, wimbi, mawele, muhogo wala maharagwe.

Mtu mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hukosea. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo sana, vimesimama kama manyoya ya zulia, na kazi yake ni kufyonza chakula. Vinyweleo hivyo hulala na kuisha. Mtoto anakula, lakini chakula kinapita tu. Hii si laana, si jicho la mtu, wala si kosa la maziwa ya mama. Ni hali inayorithiwa katika damu ya ukoo, na inaweza kujitokeza utotoni au ukubwani.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Tabibu wa Kigiriki aitwaye Aretaeus, aliyeishi takriban miaka 1,900 iliyopita, alieleza wagonjwa waliodhoofika kwa kuharisha chakula kisichosagika. Jina siliaki linatokana na neno lake la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliwaeleza madaktari wenzake hali hiyo kwa watoto wadogo: tumbo kubwa, miguu myembamba, choo kingi cheupe chenye harufu mbaya. Alisema kama kuna dawa, itapatikana katika chakula. Alikuwa kwenye njia sahihi, lakini hakujua ni chakula gani.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto hao ndizi nyingi na kuwanyima mkate na vyakula vingi vya wanga. Wengi walipona. Madaktari wakadhani ndizi ndiyo dawa. Kumbe siri haikuwa katika ndizi walizokula, bali katika mkate ambao hawakula. Mtoto aliyepata nafuu akirudishiwa mkate, ugonjwa ulirudi, na wazazi hawakuelewa sababu.

Aliyefungua fumbo hili ni Willem Dicke, daktari wa watoto katika mji wa The Hague, Uholanzi. Inaelezwa kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja kijana alimwambia kwamba mtoto wake hupata nafuu akiondolewa mkate. Daktari hakumdharau mama huyo. Alianza kuwalisha wagonjwa wake chakula bila ngano na kuandika yanayotokea. Kisha vikaja vita. Katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 Uholanzi ilipata njaa kali. Mkate ulikosekana, watu wakala hadi vitunguu vya maua. Watoto wengine walikonda, lakini wale wa siliaki walipata nafuu. Msaada wa unga wa ngano ulipofika, wakaanza kuugua tena. Baada ya vita Dicke alithibitisha kwa vipimo. Alishirikiana na wenzake, Weijers na van de Kamer, kupima mafuta yanayopotea kwenye choo cha mtoto anapokula ngano na anapoiacha. Mwaka 1950 alitoa kazi yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Mwaka 1954 daktari wa Uingereza, J. W. Paulley, alionyesha kwamba utando wa utumbo wa wagonjwa hawa umeharibika.

Mama, chukua funzo hapo. Ugunduzi uliookoa watoto duniani kote unasemekana kuanzia kwenye maneno ya mama aliyemwangalia mwanawe vizuri. Unapokuja kliniki, usiogope kueleza ulichokiona nyumbani.

Labda unasema, "Sista, hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini sisi wa Liboi?" Kwa muda mrefu hata wataalamu walidhani hivyo. Lakini mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Sahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, tangu miaka ya 1970. Ni Waislamu, wafugaji wa ngamia, watu wa jangwani kama sisi. Walikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana siliaki. Hesabu ya dunia kwa jumla ni karibu mtu 1 katika 100. Maisha ya kuhama na maziwa ya ngamia yalikuwa yamebadilika kuwa maisha ya kambi, na mkate wa unga wa msaada ukawa chakula cha kila siku.

Sisemi kwamba hali yetu ni sawa na yao. Nasema tu kwamba historia yetu inafanana na yao. Wazee wetu walilelewa kwa maziwa, nyama, subag, mtama na mahindi. Ngano ilikuja baadaye. Waitaliano walipotawala kusini mwa Somalia, basto iliingia jikoni na ikabaki. Huku Kenya, walowezi walipanda ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na unga ukasambaa kwa maduka. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, maelfu ya watu walivuka mpaka hapa Liboi, na kambi zikafunguliwa hapa na kisha Dadaab. Katika mgao wa miaka iliyofuata mlikuwa na mahindi, mtama au unga wa ngano, kulingana na kilichopatikana. Msaada huo uliokoa maisha, na hatuudharau. Lakini leo mtoto wetu anakunywa chai kwa chapati asubuhi, anakula basto mchana, na mahamri jioni. Kama mwili wake haupatani na ngano, hana hata siku moja ya kupumzika.

Sasa sikiliza kwa makini sana. Mtoto akiharisha hapa kwetu, mara nyingi sababu ni maji machafu, vijidudu au utapiamlo. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS), endelea kumnyonyesha, mlete zahanati apewe zinki. Usikimbilie kumwondolea ngano. Siliaki tunaifikiria pale ambapo tatizo linakaa wiki nyingi na kurudi: kuharisha kusikoisha, tumbo kuvimba, kutoongezeka uzito au kimo, upungufu wa damu usiotibika kwa vidonge, uchovu, na mtoto kuwa na hasira bila sababu. Dalili huanza baada ya mtoto kuanza kula vyakula vya ngano. Mtoto aliyetibiwa minyoo mara tatu na kuingizwa mpango wa lishe mara mbili, na bado hapati nafuu, anastahili kuulizwa swali hili. Vilevile mwenye kisukari cha utotoni, au mwenye ndugu wa damu aliye na siliaki.

Ikiwa una wasiwasi huo, omba rufaa kwa hospitali kubwa. Kipimo cha damu hakifanyiki katika kituo kidogo. Na jambo moja usilisahau: mtoto aendelee kula ngano mpaka apimwe. Ukimwondolea kabla, kinga hutulia, kipimo kinaonyesha hana kitu, na ukweli unapotea. Akithibitishwa, hapo ndipo ngano inaachwa maisha yake yote. Hakuna sindano wala kidonge cha kuponya. Chakula chenyewe ndicho dawa, na akikifuata utumbo unapona na mtoto anakua.

Wazazi wengi huuliza, "Atakula nini siku ya Idi?" Hapa historia inatusaidia tena. Ndugu zetu wa pwani, Lamu, Mombasa na Unguja, hupika biskuti ziitwazo vileja kwa unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki. Wanazipenda kwa ladha yake. Zinameguka mdomoni kwa sababu hakuna gluteni ya kuzishika. Tunaweza kuzipika hapa na kuzikata maumbo ya sikukuu.

Unahitaji vikombe 3 vya unga wa mchele uliochekechwa sana, kikombe 1 cha samli au subag, kikombe 1 cha sukari iliyosagwa, mayai 2 na kijiko cha chai cha hiliki. Piga samli na sukari mpaka zilainike na kuwa nyeupe. Tia mayai moja moja, kisha hiliki. Ongeza unga kidogo kidogo mpaka ushikane mkononi. Ukiona unabomoka, ongeza kijiko cha samli. Ukiona ni laini mno, ongeza unga. Funika uache saa moja, unga wa mchele unywe mafuta. Ukiharakisha hapa, biskuti zitapasuka.

Weka donge kati ya karatasi mbili safi za nailoni na ulisukume taratibu, unene wa nusu ya kidole. Kata kwa mdomo wa glasi. Ukitaka mwezi mwandamo, bonyeza glasi mara ya kwanza, isogeze kidogo pembeni, bonyeza tena. Kile kipande chembamba ndicho mwezi. Inua kwa kisu kipana, maana vidole vitauvunja.

Kama huna oveni, tia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na uipashe moto. Weka sinia ya biskuti juu ya mchanga, funika, na utie makaa machache juu ya kifuniko. Moto uwe wa pole. Baada ya dakika 15 hadi 20 chungulia. Chini ziwe na rangi kidogo, juu zibaki nyeupe. Usiziguse zikiwa moto, acha zipoe kabisa ndipo ziwe ngumu.

Hatari kubwa iko katika vumbi. Unga kidogo tu wa ngano unatosha kumwumiza mtoto huyu. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano itachafua mchele wako. Ni heri uloweke mchele, uukaushe na kuutwanga kwa kinu nyumbani. Chekecheke na kibao cha chapati hushika unga kwenye matundu na nyufa, kwa hiyo mtoto awe na vyake. Pika biskuti zake kwanza, kabla hujafungua mfuko wa ngano. Halwa ya Kisomali ya wanga wa mahindi inamfaa, lakini muulize mpishi, kwani wapo wanaotumia wanga wa ngano. Tambi, basto, sambusa na mahamri si vyake. Wali, nyama, maziwa, tende, matunda, na anjera ya mtama au mahindi matupu ni vyake.

Nakuomba jambo la mwisho. Usimpikie sahani yake peke yake na kumkalisha kando kama mgonjwa. Pika vileja vya kutosha nyumba nzima, na wageni wale hivyo hivyo. Mtoto anayekula tofauti na wenzake ndiye anayeiba chapati kwa siri, kisha usiku analia tumbo. Waeleze nyanya, jirani na mwalimu wa madrasa, ili asipewe kwa huruma kitu kitakachomwumiza.

Mama, kumbuka basi: mtoto asiyekua licha ya matibabu, mlete tumwangalie. Usimwachishe ngano kabla ya kipimo. Akithibitishwa, asirudishiwe hata kipande. Tuonane kliniki, na Mungu awape watoto wetu afya. Idi njema.