Koki ya Ziwa Iko Jinja

Mwaka 2006 Jiwe la Bismarck, mwamba wa ziwani huku Mwanza, lilionyesha hata miguu yake. Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920, na wavuvi walikokota mitumbwi kwenye tope. Tuliulaumu ukame. Kweli mvua zilipungua, lakini wataalamu waliopiga hesabu walikuta takriban nusu ya upungufu ule ilitokana na mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, yaliyokuwa yakiachia maji kupita kipimo kilichokubaliwa.

Kipimo hicho kina historia yake, na sisi hatukuulizwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilitaka umeme wa kuendeshea viwanda vya Uganda. Mahali palijulikana: Jinja, mlango pekee wa ziwa, Naili inapoanzia. Kikwazo kilikuwa mkataba wa mwaka 1929, ambamo Uingereza yenyewe ilikubali kutojenga chochote cha kupunguza maji ya Misri bila ridhaa yake. Basi London ikazungumza na Cairo. Misri ikakubali, ikachangia gharama, kwa sharti kwamba ukuta wa bwawa uongezwe kimo cha mita moja ili ziwa zima liwe ghala lake. Mhandisi wake akawekwa Jinja kusimamia maji yanayotoka. Malkia Elizabeth wa Pili akalizindua bwawa la Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954.

Mita moja yaonekana ndogo. Itandaze juu ya ziwa la kilometa za mraba 68,000 na ushei: ni zaidi ya robo tatu ya maji yote ambayo Naili iliyafikisha Aswan kwa mwaka. Karibu nusu ya ziwa hilo iko Tanzania. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza hiyohiyo, kwa hiyo aliyetuwakilisha mezani ndiye aliyehitaji umeme. Hilo bado linaniuma.

Julai 1962 serikali ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa ilitangaza kwamba mkataba wa 1929 hauifungi Tanganyika. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini msimamo huo kugeuka mabomba. Mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulipoanza, Misri ilipinga. Kazi haikusimama. Mwaka 2009 mradi ulizinduliwa, na koki za Shinyanga na Kahama zikatoa maji ya ziwa.